Bungua kwenye mahindi ya Bt: usichanganye mbegu

SWALI: Nasimamia shamba la umwagiliaji la hekta 40 huko Vaalharts, Afrika Kusini. Mahindi yote ni MON810, aina ya Bt (yenye jeni ya bakteria inayoyafanya yatoe sumu ya kuua bungua), lakini nimepasua mabua nikakuta bungua, yaani viwavi wa nondo. Wakala wa pembejeo ananiambia msimu ujao nichanganye asilimia 5 ya mbegu ya kawaida kwenye mashine ya kupandia, nisihangaike na kitalu cha kimbilio, yaani sehemu ya mahindi yasiyo ya Bt. Nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize. Bungua hakai mche mmoja. Akianzia kwenye mche wa kawaida hunenepa, kisha huhamia mche wa Bt akiwa mkubwa, na sumu ambayo ingemuua angali mchanga haimwezi tena. Kwa mchanganyiko huo unawalea wale wenye usugu kiasi. Ushauri wenyewe haufi kwa sababu unamwokolea mtu kazi ya siku moja.

Kimbilio ni kitalu kinachojitegemea. Kwako ni hekta 2 zisizopuliziwa kabisa dawa ya bungua, au hekta 8 ukitaka kupulizia, mradi dawa yenyewe isiwe ya Bt. Kiwe ndani ya mita 400, mistari sita au zaidi, chotara wa ukomavu uleule, tarehe ileile ya kupanda. Na kipate maji! Wengi hukitupa kwenye kona ambayo pivoti, mtambo wa kumwagilia unaozunguka, haifiki. Nondo hutaga kwenye mahindi yaliyonawiri, hivyo kona kavu haitoi nondo wa kutosha wasio sugu, wa kujamiiana na wale walionusurika kwenye Bt ili watoto wasirithi usugu kamili.

Kwa sasa pima majani ya mimea iliyoliwa kwa kipimo cha ukanda cha protini ya Cry (ndiyo sumu ya Bt), uhakikishe ni Bt kweli, kisha iarifu kampuni ya mbegu. Aliyekwisha ingia ndani ya bua dawa haimfikii. Ukishavuna, katakata mabua uyafukie, maana ndimo anamojificha hadi msimu ujao.

MON810 ina protini moja tu, Cry1Ab. Ilianza kupandwa huko 1998, na taarifa ya usugu wa bungua ikachapishwa 2007. Ubaya zaidi, mtoto wa mzazi mmoja sugu naye anaweza kunusurika, kwa hiyo kimbilio pekee halitoshi: hamia mbegu ya protini mbili kama MON89034. Kimbilio linabaki palepale.

Pia jihadharini na "Bt ya bei nafuu" inayouzwa kwa gunia lisilo na lebo. Hayo ni mavuno ya chotara wa Bt yanayouzwa kama mbegu. Takribani robo ya mimea huota bila jeni ya Bt, imetapakaa shamba zima, na bungua anahama kutoka mmoja hadi mwingine kama katika mchanganyiko wa wakala wako.