Kabla Hujaanza Masomo Mlimani, Kitembee Kwanza Kilima

Mpwa wangu alishuka kwenye basi la Songea pale stendi ya Mbezi na tranka la bati, godoro lililokunjwa likafungwa kamba, na ndoo ya lita ishirini imejaa maharage. Ndoo, kutoka Songea! "Shikamoo anko. Mama kasema ndoo za Dar ni ghali na hazina mfuniko." Namwita mama, kwa kuwa amebeba jina la mama yangu, kwa hiyo sikuwa na la kubisha. Nikajitwisha ndoo, tukatafuta usafiri.

Alikuwa amechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Elimu na Kiswahili. Nimesoma hapo mimi, 2006 hadi 2009, na kila inapofika msimu huu simu yangu haipumui: nipange wapi, kozi ipi ina ajira, bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, linatoka lini. Yote hayo nitayagusa, ila ushauri wangu wa kwanza huwa hawautarajii. Jumapili moja kabla ya masomo kuanza, vaa viatu vya kutembelea, uzunguke.

Sababu ni aibu yangu mwenyewe. Wiki ya kwanza nilikosea ukumbi, nikakaa saa nzima nikiandika noti za hesabu za wahandisi, eti naona haya kutoka mbele za watu. Baada ya hapo nikajiwekea njia moja tu: kitanda changu hosteli ya Mabibo, kumbi za mihadhara za Yombo, kafteria, narudi. Miaka mitatu. Aprili 2009, nikiwa mwaka wa mwisho, Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kiti cha uprofesa cha chuo chenye jina la Mwalimu, kilifanya tamasha lake la kwanza na mgeni aliyekuja kuhadhiri alikuwa Wole Soyinka. Mwafrika aliyepata Nobel ya fasihi, 1986, anazungumza chuoni kwangu, bure, na mimi nimelala Mabibo nasubiri jua lipungue. Nilimsoma kwenye gazeti kesho yake, kama mtu wa Sumbawanga.

Basi kwa mpwa wangu nilianzia mbali na Mlimani kabisa. Tulipanda daladala mpaka Mnazi Mmoja, tukatembea hadi Mtaa wa Lumumba, lilipo jengo lililokuwa la TANU na ambalo sasa ni ofisi ndogo ya CCM. Nikamwambia, mama, chuo chako kilizaliwa hapa. Oktoba 1961, miezi miwili hata haijafika kabla ya Uhuru, chama kilitoa jengo lake na darasa la kwanza likaingia. Wanafunzi hawakufika kumi na watano, wote wa sheria, na mwanamke alikuwa mmoja tu, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Shahada zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mpwa wangu akaliangalia jengo, akaniangalia, akauliza, "Hapa hapa?" Hapa hapa. Nataka kila anayeingia pale kwa kiburi cha ukubwa wa chuo apaone kwanza hapa.

Mwaka 1963 chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka uliofuata kikahamia kwenye kilima, kilomita kama 13 kutoka katikati ya mji, na hiyo ndiyo sababu ya watu kusema tu "Mlimani" bila kutaja chuo. Julai 1, 1970 kile cha Afrika Mashariki kikavunjwa, kila nchi ikabaki na chake. Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa akawa Makamu wake wa kwanza.

Mlimani tulifika mchana, jua kali. Nilimpeleka moja kwa moja mbele ya Ukumbi wa Nkrumah, nikatoa kwenye pochi noti ya shilingi 500, ile iliyoanza kutumika 2010, kabla ya sarafu kuja. Naitunza kama kitambulisho. Mbele ni Mzee Karume. Nikaigeuza, nikainyanyua usawa wa macho yake, noti huku, ukumbi kule. Alicheka kwa sauti. Amekulia kwenye sarafu yenye nyati, hakuwahi kujua kwamba chuo anachokwenda kusoma kilikuwa kinazunguka mifukoni mwa wauza mchicha nchi nzima.

Tukakaa kivulini, nikamsimulia ya 1966. Hii siipitishi haraka, maana mwanafunzi wa leo anadhani mgomo ulianza na mikopo. Serikali ilitaka wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa, na sehemu kubwa ya muda huo walipwe mshahara uliokatwa. Oktoba 22 wanafunzi wakaandamana hadi Ikulu. Bango moja lilisema enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Unaweza kufikiria namna lile bango lilivyosomeka machoni mwa mtu aliyemtoa mkoloni miaka mitano nyuma. Nyerere aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawajibu kwa hasira: kama tatizo ni mishahara mikubwa ya wakubwa, basi anaanza na wake, akaukata kwa asilimia 20 pale pale. Na wao, karibu 400, akawarudisha makwao. Wengi walikuja kuruhusiwa kurudi baadaye. Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha, na mimi ni katika wanaoamini kwamba ile siku ya Ikulu ilichangia kuliharakisha. Mpwa wangu aliuliza swali zuri kuliko niliyoyauliza mimi miaka mitatu: "Anko, nani alikuwa na haki?" Nikamwambia nenda kawaulize walimu wako wa historia, halafu uje unisimulie.

Baada ya Azimio kilima kilichemka. Walter Rodney, Mguyana, alifundisha historia hapa, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka 1972, kilichapishwa pia hapa Dar. Issa Shivji alikuwa mwanafunzi wa sheria, akaandika kuhusu matabaka kabla hata wino wa shahada haujakauka. Yoweri Museveni alisoma hapa kuanzia 1967 na akaongoza kikundi cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto. John Garang, aliyekuja kuongoza vita vya ukombozi vya Sudan Kusini, naye alipita. Sikutaji majina haya ili ujione mkubwa kwa kukalia viti vyao. Nataka ujue kwamba wengi wa hao hawakunolewa na mitihani. Walikuwa wakibishana hadi usiku, Jumapili wanasoma pamoja, na mhadhiri akija anakuta wameshamaliza kitabu.

Kwa mtu wa Kiswahili kama yeye, kuna jambo la ziada. Kamati ya lugha iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili ndiyo iliyokuja kuwa TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, hapo hapo Mlimani, kisha TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, tangu 2009. Kamusi uliyoitumia sekondari mizizi yake iko kwenye zile ofisi. Nenda ukabishe hodi, utapokelewa. Mimi nilizipita mara elfu nikidhani ni za wahasibu.

Sasa ya vitendo.

Maktaba mpya, ile iliyojengwa kwa msaada wa China ikafunguliwa 2018, inakalisha watu 2,100. Fika mapema wiki za mitihani. Lakini usiishie kwenye viti na intaneti: ulizia hifadhi ya vitabu na nyaraka za Afrika Mashariki. Humo utakuta magazeti ya zamani na tasnifu za watu waliosoma kozi yako, na hakuna kitu kinachomfundisha mtu kuandika tasnifu kama kusoma tatu za waliomtangulia.

Vimbweta, yale meza na mabenchi ya zege chini ya miti, ndiyo darasa la pili. Tafuta kimbweta chenye watu wa mwaka wa pili wa kozi yako, salimia, kaa. Pepa za nyuma, tabia ya kila mhadhiri, somo lipi linatoa sapu, mitihani ya marudio, kwa fujo, vyote utavipata hapo bila kutoa senti.

Malazi: ukipata chumba ndani, hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017 zinachukua wanafunzi 3,840, nyingine za zamani zipo, shika hicho hicho. Ukikosa, Msewe na Changanyikeni unafika darasani kwa miguu. Sinza kuna raha zaidi, na hapo ndipo pesa inapoishia. Kubebana kitanda kimoja watu wawili kupo, sitajifanya sijui. Mimi nilibebwa mwezi mzima na kijana wa Tabora aliyekoroma kama jenereta. Usizoee tu, mnalala vibaya wote wawili.

Bumu. La kwanza nilinunua simu na jinzi mbili Kariakoo, nikawa naenda Mlimani City, yale maduka makubwa, yaliyokuwa mapya kabisa, kutembea kwenye kiyoyozi. Wiki ya tano nilikuwa napiga pasi ndefu, mlo mmoja saa kumi jioni, nalala. Sasa nawaambia wote: likiingia tu, lipa chumba na utenge hela ya chakula mpaka siku lijalo litakapotarajiwa, ongeza na mwezi mmoja. Kinachobaki ndiyo chako, na kitakuwa kidogo.

Na mihadhara ya wazi, Nkrumah na kwingineko, hudhuria japo mmoja kwa mwezi, hata wa kozi isiyo yako. Hasa isiyo yako. Mabango hubandikwa, matangazo siku hizi yako kwenye simu, huna kisingizio nilichokuwa nacho, na hata mimi sikuwa nacho.

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili sasa. Ile noti alinyang'anya siku ile ile, ameiweka nyuma ya kava la simu. Ndoo haikuingia kwenye chumba chao cha watu wanne, iko kwangu, tunahifadhia mkaa. Mama yake akiwauliza, iko Mlimani.