Sauti ya nne

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi huku Tabata hatujambo, ila magoti ya bibi yako na mvua hizi.

Unasema mtunzi anakutaka uimbe peke yako, kompyuta iichukue sauti yako papo hapo, iicheleweshe, iigawanye, iizungushe kwenye spika zilizouzunguka ukumbi. Unauliza kama huko bado ni kuimba.

Nimeusikiliza ule muziki wa mtunzi Mwingereza Jonathan Harvey, wa mwaka 1980, ulionitumia. Mtoto anayeimba ni mwanawe mwenyewe, wa kwaya ya kanisa kuu la Winchester, na kengele ni ile kubwa ya kanisa hilohilo. Kule Paris kompyuta ikaichambua kengele, ikatoa sauti moja moja zilizojificha ndani ya mlio wake, na muziki wote ukajengwa juu ya hizo. Kuna mahali sikuweza tena kujua kama ni mtoto au ni chuma. Niliupenda sana. Na papo hapo nikamkumbuka baba yako.

Ile kanda ya kwaya unaijua. Kwa nini marehemu hakuipiga nyumbani hata siku moja, hilo hatukuwahi kuwaambia. Tulirekodi usiku, maana mchana honi za magari zilikuwa zikiingia. Baba yako, sauti ya nne, alisimama nyuma na karatasi yake ya solfa, bega la kushoto likipanda kila alipovuta pumzi, unalikumbuka bega lile. Kanda ilipotoka tuliisikia kwanza kwenye daladala, tukitoka Kariakoo. Sauti ya kwanza ipo. Ya pili ipo, ya tatu ipo. Ya nne haipo! Fundi mitambo kaifuta yote, kaweka besi ya kinanda, na hakumuuliza mtu. Baba yako akashuka Buguruni, akamalizia njia kwa miguu. Mpaka leo nikiusikia wimbo ule naondoka.

Sauti ni pumzi ya mtu, nimewaambia tangu mkiwa wadogo. Asiyevuta pumzi pamoja nawe asishike swichi.

Lakini kuna yule Mmisri, Halim El-Dabh. Mwaka 1944, miaka minne kabla ya Mfaransa Pierre Schaeffer kuanza kule Paris kutunga muziki kwa sauti zilizorekodiwa, alirekodi akina mama wa Cairo kwenye ngoma ya zar, kwa mashine iliyonasa sauti kwenye waya. Kisha studioni akaipunguza sauti yenyewe, akauacha mwangwi. Akina mama wale waliimba ili mgonjwa apone, hawakuimbia studio. Kwa msimamo wangu ningemkasirikia. Nimeurudia na kuurudia, hasira haiji. Mwangwi ule una pumzi. Au nasema hivyo kwa kuwa aliyefutwa si mume wangu?

Basi mwulize mtunzi wako nani atakaa kwenye kompyuta siku hiyo. Ukivuta pumzi ndefu kuliko ya mazoezini, atakungoja? Kama sauti za mashine zimesharekodiwa, wewe ndiye utakayezifuata, na hilo silipendi. Kama ni papo hapo kweli, yeye akufuate wewe.

Ukubali au ukatae? Neno liko mdomoni, nalizuia kwa shida, maana sauti ni yako. Ukikubali, nitumie tarehe mapema niombe ruhusa kazini, na uniwekee kiti jirani na huyo fundi.

Mama yako