Ya nyumbani kwao muulize pembeni

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa ajira mpya, aliyepangiwa Newala, mkoani Mtwara, akitokea mkoa wa mbali, aliniandikia: "Dada, watoto wa huku nikiwauliza jambo wananyamaza. Ni jeuri au nini? Na wazazi wao hela za korosho wanazo." Nimemjibu, jibu likawa refu. Na kwa kuwa wengi mnaosoma hapa mnataka anachotaka yeye, darasa linalojibu na watoto wanaofaulu, nalileta hapa.

Mdogo wangu, si jeuri. Mtoto anayenyamaza mbele ya wenzake mara nyingi jibu analo. Ila jibu lenyewe ni la nyumbani kwao, na mambo ya nyumbani hayasemwi hadharani.

Nayajua haya kwa kuyaishi. Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha pili, nakaa na bibi mzaa mama huku huku juu ya uwanda wa Makonde. Ada ya shule ya kutwa wakati huo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Asubuhi moja mwalimu wa zamu akasoma majina ya wadaiwa mstarini, tukatoka mbele, akatuuliza mmoja mmoja. Alipofika kwangu akasema, "Korosho mmeuza, hela mmepeleka wapi?" Wenzangu wakacheka. Nikanyamaza. Akasema nina kiburi, nikachapwa, kisha tukarudishwa nyumbani wote.

Ningesema nini? Kwamba bibi aliugua miezi ile ya njaa, akachukua hela ya kangomba, na korosho zikawa za mnunuzi kabla hazijaanguka chini? Kangomba huku kila mtu anaijua, lakini hakuna mtoto anayetaka kuitaja mbele ya watu, maana ni kutangaza kwamba nyumba yenu imeuza msimu mzima kwa bei ya kutupa. Minada inapoanza, jirani anasubiri malipo yake kupitia chama cha msingi cha ushirika, nyinyi hamna hata gunia moja ghalani. Mwalimu alikuwa akipita anaona mikorosho imezunguka nyumba yetu. Hakujua zaidi ya hapo, na hakuuliza kwa nia ya kujua.

Swali lile bado linaniuma. Fimbo ziliisha siku ile ile.

Siku hizi ada haipo, Serikali iliifuta kuanzia Januari 2016. Daftari, sare, viatu na mchango wa chakula cha mchana bado vipo, na swali lile bado nalisikia kwenye ofisi za walimu, tena limeongezewa: "Mbona hela za ngoma mnazo?" Walimu wenzangu, gharama za jando na unyago mama halipi peke yake. Ukoo unachanga, wajomba wanaleta, majirani wanarudisha walichotunzwa wao. Daftari la mtoto halina wachangiaji hao. Kumsimanga mtoto kwa sherehe ya ukoo ni kumwonea, na nasema hivi bila kupepesa macho.

Basi chochote kinachogusa hela, viatu, njaa au nyumbani, uliza pembeni. Mwambie akusaidie kubeba madaftari mpaka ofisini, muulize njiani. Na uliza kitu anachoweza kukijibu. "Kwa nini huna daftari?" hilo ni shtaka. "Leo umeamka saa ngapi?" hilo atalijibu.

Nilikuwa na kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa anasinzia kila kipindi cha kwanza. Walimu walishamwita mvivu, yeye kimya. Nilipomuuliza pembeni kaamka saa ngapi, akasema saa tisa usiku, anashuka na baiskeli kuteka maji bondeni. Huku juu maji ni shida, na kwao hela ya kununua dumu haipo. Nikamwomba mwalimu wa taaluma, kipindi changu cha Hisabati kikasogezwa baada ya mapumziko. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Hisabati ana B. Najivunia hiyo B kuliko cheti changu chochote.

Nasisitiza tena, pembeni. Mwalimu, ulimi wako unafika mbali kuliko fimbo yako. Usiniambie huna muda. Muda wa kusoma majina mstarini tunaupata.

Kuhusu wazazi: kabla hujamwita mtu, jua nani anaamua katika nyumba ile. Huku kwetu mara nyingi ni mjomba au bibi, na baba unayemsubiri wiki nzima huenda hana neno. Barua yenye mhuri usiitangulize. Bibi asiyesoma akiiona anadhani ni kesi, hatakuja, na wewe utaandika kwamba mzazi hatoi ushirikiano. Pita mwenyewe jioni. Umwamkie, ukae mkekani, uulize habari za shamba. Ukitengewa ming'oko, vile viazi vya porini vya huku, kula. Mchango wa chakula uutaje baadaye, umwambie bibi mwenyewe, mtoto akiwa ametumwa dukani.