Sauti ya Nyuma ya Pazia

"Shangazi, mama alifariki Februari. Rafiki yangu alinipeleka kwenye sabo moja, nyumba ya mizimu, nje ya Jinja. Mandwa, yule anayesemwa kupandwa na roho, alikaa nyuma ya pazia la gome la mti, akaniita 'Kadogo', jina alilonipa mama. Sasa anataka shilingi 600,000 na mbuzi, ndipo mama aseme ilipo hati ya kiwanja. Mimi ni Mkristo. Nirudi?" — Yatima, Jinja

Mwanangu, pole sana. Kutamani kuisikia tena sauti ya mama si dhambi.

Ila usirudi. Huyo rafiki alilala siku ngapi matangani kwenu? Matangani hakifichwi kitu, hata majina ya utotoni hutajwa watu wakilia. Jina lako lilifika kwenye sabo kabla yako.

Mwaka 1848, kijijini Hydesville, jimbo la New York, mabinti wa ukoo wa Fox walisema roho zinawajibu kwa kugonga. Vuguvugu la kisasa la kuongea na wafu likaenea kutoka hapo. Mwaka 1888 mmoja wao, Margaret, alipanda jukwaani, akavua kiatu, akaonyesha kwamba kugonga kule kulikuwa mlio wa vidole vya mguu wake. Mwaka uliofuata aliyakana maungamo hayo, lakini ukumbi mzima ulishasikia.

Sisemi yote ni hila. Kule Filipi Paulo alikutana na kijakazi mwenye pepo wa uaguzi, na pepo yule alikuwa wa kweli. Alipotolewa, mabwana wa binti walilia nini? Mapato yao! Soma Matendo 16 usiku wa leo.

Mfalme Sauli naye alikwenda usiku Endori, kwa mwanamke aliyeita wafu, amebadili mavazi. Alichoambulia ni habari ya kifo chake kesho yake. Daudi alipofiwa na mtoto alioga, akaingia nyumba ya Bwana, kisha akala. Alijua yeye ndiye atakayemwendea mtoto, mtoto hatamrudia.

Mwanangu, mama aliyekulea akutoze mbuzi ili akuonyeshe karatasi? Huyo si yeye.

Kiwanja kama kimesajiliwa, kumbukumbu zake zipo ofisi ya ardhi. Anza kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akuandikie barua. Lakini kabla ya hapo fungua sanduku la bati la mama, utazame chini ya gomesi zake, yale magauni yake marefu. Kina mama wengi huweka karatasi humo. Nahisi hujaligusa tangu msiba. Tafuta ndugu mmoja, mlifungue pamoja.