Kabla hujasema dawa ya magugu imebadilisha jeni

Wadogo zangu mnaokuja Mtwara kujifunza kazi hii ya kupima dawa za magugu zinavyogusa seli, najua mnafika na hamu ya kusoma DNA. Hamu hiyo ni nzuri, lakini anzeni na chupa mnamooteshea seli. Jiulizeni seli zilikuwa zinakula nini siku mlipoziwekea dawa.

Chukueni glaifoseti, dawa inayopuliziwa magugu chini ya mikorosho ili korosho zikidondoka ziokotwe kwa urahisi. Inaziba kimeng'enya kimoja cha kutengenezea amino asidi tatu, yaani vijenzi vya protini: fenilalanini, tairosini na triptofani. Mimea wanacho, hamira wanacho, bakteria wengi wanacho; sisi wanyama hatuna. Sasa ukiotesha hamira kwenye chakula chenye amino asidi hizo tele, itastahimili dozi ambayo kwenye sukari na chumvi tupu ingeisimamisha kabisa. Hakuna jeni iliyobadilika hapo. Seli imepewa mezani kile ambacho dawa iliizuia kujipikia. Atrazini, dawa nyingine ya magugu, nayo inazuia usanisinuru, kwa hiyo mwani wa Chlamydomonas ukiwekwa gizani na kulishwa aseteti hauwezi kukuonyesha nguvu yake halisi. Andikeni chakula na mwanga kwenye daftari kwa uangalifu uleule mnaoandikia dozi.

Pimeni pH pia, yaani kiwango cha uchachu, kila chupa. Glaifoseti safi ni asidi, na seli zinaweza kufa kwa uchachu tu. Huku kwetu hili lina uzito zaidi, maana mikorosho hupigwa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na salfa huongeza uchachu wa udongo. Maji ya dimbwi la karibu na shamba hayabebi dawa ya magugu peke yake.

Halafu dawa ya dukani si glaifoseti tupu. Ina vilainishi vya kuifanya ishike kwenye jani, na baadhi yake huumiza viumbe wa majini kuliko glaifoseti yenyewe. Pimeni vyote viwili, kila kimoja chupa yake.

Tukifika kwenye jeni zenyewe, tenganisheni mambo mawili. Seli ikiguswa na dawa huwasha jeni fulani na kuzima nyingine ndani ya muda mfupi, na dawa ikiondoka inaweza kurudi ilivyokuwa. Hilo husomwa kwenye RNA, nakala ambazo seli hutoa kwa jeni zilizowashwa, na RNA huoza upesi mno, kwa hiyo sampuli igandishwe palepale, isisubiri gari la kurudi mjini. Jambo la pili ni badiliko la kudumu kwenye DNA. Katika jeni ya psbA, inayotengeneza protini ambayo atrazini huishika, kubadilika kwa amino asidi moja tu, serini ya nafasi ya 264, kunatosha kuifanya atrazini ikose pa kushika.

Lakini usiandike kwamba dawa ndiyo iliyoleta badiliko hilo. Mwaka 1943 wanasayansi Luria na Delbrück walionyesha, kwa bakteria na virusi vinavyowashambulia, kwamba bakteria wenye ukinzani walikuwapo tayari kabla ya kukutana na virusi. Mara nyingi dawa huchagua tu, wanyonge wakafa na wachache wale wakajaza chupa. Ziko dawa zinazoumiza DNA moja kwa moja, ila hilo linahitaji ushahidi wake.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla tone la dawa halijaingia, gandisheni akiba ya seli za mwanzo. Nyingine ziendelee kukua bila dawa kwa muda uleule. Mwisho msome DNA ya makundi yote matatu kwa pamoja.