Miezi Minane ya Kutafuta Mtetemo Ndani ya Gari

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mfupi wenye uchungu mwingi. Alikuwa amefunga sabufa, yaani spika kubwa ya besi, ya inchi 12 kwenye buti la gari lake, amplifaya ya kutosha na nyaya nene za shaba, na kila kitu kilikuwa sawa mpaka alipopandisha sauti. Hapo ndipo gari zima lilipoanza kulia, mlango kwa namna yake, dashibodi kwa namna yake, na kifuniko cha buti kikivuma kama debe tupu lililopigwa teke. Aliuliza anunue mikeka mingapi ya kuzuia kelele. Nilimjibu kwamba asinunue hata mmoja kwanza, kisha nikaona haya kwa ufupi wa jibu langu, kwa sababu swali lake ndilo nililojiuliza mimi, na jibu nililojipa wakati ule lilinigharimu miezi minane.

Nianze na siku yenyewe. Mfanyakazi mwenzangu, ambaye tulikuwa tukirudi naye nyumbani kila jioni, aliingia garini mara ya kwanza baada ya muziki kufungwa. Nilimwekea wimbo wenye besi nzito niliokuwa nimeuchagua tangu asubuhi. Alisikiliza kwa muda usiozidi nusu dakika, akageuka kutazama kiti cha nyuma, akaniuliza kwa upole kabisa, "Bwana, umebeba misumari?" Nilicheka pamoja naye. Nilipofika nyumbani nilikaa ndani ya gari lililozimwa kwa muda mrefu, nikilisikiliza swali lile upya, na sijui kwa nini liliniuma kuliko lawama nyingi nilizowahi kupewa kazini.

Kesho yake niliagiza mikeka ya raba ya butili, ile yenye mgongo wa karatasi ya alumini. Nilifungua milango minne, nikasafisha bati kwa spiriti, nikabandika na kukandamiza kwa rola mpaka viganja vikachubuka. Nilibandika kwenye sakafu ya buti, kwenye matao ya magurudumu, hata mahali ambapo leo siwezi kueleza nilikuwa nikitafuta nini. Kazi ilikuwa nzuri kuitazama, na milango ilianza kufunga kwa mshindo mzito unaoridhisha. Kisha nikawasha muziki, na misumari ilikuwa palepale. Ilisikika waziwazi zaidi kuliko mwanzo, kwa kuwa kelele nyingine zilizokuwa zikiifunika sasa zilikuwa zimetulia.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba ndani ya gari kuna kelele za aina mbili zinazoletwa na besi, na dawa ya moja si dawa ya nyingine. Aina ya kwanza ni bati pana linalovuma lenyewe, kama ngozi ya ngoma: paa, mlango, kifuniko cha buti. Hapo ndipo mkeka wa butili unapofanya kazi, kwa sababu ile raba inayonata hunyumbuliwa kati ya bati na alumini, na nguvu ya mtetemo huishia humo kama joto dogo. Hata hivyo huhitaji kulifunika bati lote. Kipande kinachochukua takriban robo ya eneo, kikibandikwa katikati ambapo bati huchezacheza zaidi, mara nyingi hutosha kulinyamazisha. Aina ya pili ni vitu viwili vilivyo karibu mno, vinavyogusana na kuachana makumi ya mara kwa sekunde: klipu ya plastiki iliyolegea, waya unaogonga bati, kifuniko cha taa. Huwezi kukitibu kitu cha namna hiyo kwa kulipaka bati la jirani uzito. Ama ukikaze, ama ukitenge na mwenzake kwa kipande cha felti, kile kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa, au sponji. Mimi nilikuwa nimetibu aina ya kwanza kwa gharama kubwa, huku ugonjwa wangu ukiwa karibu wote wa aina ya pili.

Katikati ya mahangaiko hayo nililipeleka gari kwa fundi mmoja aliyesifiwa sana. Sitasema ni nani. Alilizunguka gari mara moja, akagonga kifuniko cha buti kwa ngumi, akaniambia nirudi jioni. Niliporudi nilikuta amejaza ndani ya kifuniko lile povu la kopo linalovimba, ambalo wajenzi hulitumia kuziba mianya ya madirisha. Nilipolalamika kwamba mlio bado upo, alinijibu kwamba tatizo sasa ni masikio yangu. Siku ya tatu buti lilikataa kufunguka, kwa sababu povu lilikuwa limekauka juu ya fimbo ya kitasa na kuishika kama saruji. Nilimaliza siku mbili za mapumziko nikilichimba kwa kisu kupitia tundu lisilozidi upana wa mkono, nikipapasa nyaya za taa moja moja ili nisizikate. Vumbi la njano la povu lile bado hudondoka ninapofunga buti kwa nguvu, na kila linapodondoka namkumbuka fundi yule. Ndugu msomaji, usimruhusu mtu yeyote kuingiza povu la aina hiyo kwenye gari lako. Huziba matundu ya kutolea maji na kukaribisha kutu, na halitoki.

Baada ya hapo niliamua kutomtegemea mtu tena. Jioni moja niliegesha mahali penye utulivu, nikachukua daftari, nikapakua kwenye simu programu inayotoa mlio wa masafa uyatakayo (yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi), na nikaanza kupanda kutoka hezi 20 hadi 100, hatua moja moja. Jambo hili nalisema kwa kujivuna kidogo, kwa sababu hakuna aliyenifundisha: nilikuwa nikipoteza wakati kwa kutafuta kelele kwa kutumia muziki. Wimbo hupita kwenye masafa mengi kwa dakika moja, hivyo kelele hujitokeza na kutoweka kabla hujaifikia. Mlio mmoja usiobadilika huishikilia kelele palepale mpaka uende ukaishike kwa mkono. Kila kitu kina masafa yake kinayoyapenda. Ukiyapita kwa hezi mbili au tatu tu, kinanyamaza kabisa kana kwamba hakijawahi kusumbua. Tahadhari iliyopo ni kwamba mlio usiokatika huipasha moto koili ya spika, ule waya uliozungushwa ndani yake, kuliko muziki, kwa hiyo uache uvume kwa sekunde chache, uzime, kisha urudie, na uanze kwa sauti ya chini.

Usiku wa kwanza niliandika masafa matano. Kwenye hezi 31 kifuniko cha buti. Kwenye hezi 38 kibao cha namba cha nyuma, ambacho kilikuwa kimeshikwa kwa skrubu mbili za juu tu na upande wa chini ukipiga makofi. Washa mbili za raba, vile vipete vya kuweka chini ya skrubu, na mkanda wa sponji nyuma yake vilimaliza jambo hilo kwa dakika kumi. Kwenye hezi 44 mlango wa nyuma, ambamo soketi ya waya ilikuwa ikining'inia na kugonga bati ndani ya ngozi ya plastiki, hakika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kuwa ni mimi niliyeufungua mlango ule kubandika mikeka na nikasahau kuirudisha soketi mahali pake. Kwenye hezi 52 kifuniko cha taa ya darini. Na kwenye hezi 57 kulikuwa na ile yenyewe, misumari.

Masikio yangu yalikuwa na hakika kwamba misumari ilitoka kwenye dashibodi, upande wa abiria, ndani kabisa karibu na kioo. Nilitoa droo ya dashibodi. Nilitoa redio. Nilitoa matundu ya hewa na kuyazungushia felti, nikafunga kila fungu la nyaya nililoliona kwa utepe wa kitambaa, na nilivunja klipu sita ambazo sikuwa na za kubadilishia. Kwenye hezi 57 misumari iliendelea kunicheka. Hali hiyo ilidumu majuma mengi ambayo sitayasimulia, kwa sababu yalifanana.

Jumamosi iliyopita nilimwomba mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 12, akae kiti cha dereva na kubonyeza simu, huku mimi nikiwa nimelala chini ya dashibodi na tochi mdomoni. Mlio ulianza, misumari ikaanza, kisha ghafla ikakoma. Nilimwuliza kwa nini amezima. Alisema, "Sijazima, mjomba." Niliinua kichwa nikamkuta ameshika kile kibao cha kuzuia jua kilicho juu ya kioo cha mbele, upande wa abiria, kwa sababu alikuwa akijinyoosha. Alipokiachia, misumari ikarudi. Kile kindoano kidogo cha plastiki kinachoshikilia ncha ya kibao hicho kilikuwa kimechakaa, na ncha ilikuwa ikichezacheza ndani yake kwa mwanya ambao hata ukucha usingepita. Nilikata kipande cha felti chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nikakibandika ndani ya kindoano, nikarudisha ncha. Kimya. Tulirudia mara nne, kwa sauti ya juu zaidi kila mara, mpaka mpwa wangu akaziba masikio.

Sasa naelewa kwa nini nilipotea. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 57 lina urefu wa mita 6, na chumba cha gari dogo hakifikii urefu huo. Hewa yote ya ndani hubanwa na kuachiwa karibu kwa pamoja, na ndiyo maana kitu kilicho mbele kabisa hutikiswa na sabufa iliyo nyuma kabisa bila kujali umbali. Mlio wa plastiki inayogonga plastiki, kwa upande wake, ni mwembamba na mkali, nao hudunda kwenye kioo kama mpira ukutani. Kindoano kilikuwa sentimita chache kutoka kwenye kioo cha mbele, na kioo kiliutupa mlio moja kwa moja hadi kwenye dashibodi, ambako masikio yangu yaliupokea kwa imani kamili.

Kwa hiyo nasema, na nitaendelea kusema hata mkichoka kunisikia: tafuteni kwa mkono. Sikio hukuonyesha upande, tena mara nyingi hukuonyesha upande usio wenyewe. Kiganja kikibonyeza kitu na kelele ikakoma, umefika. Isipokoma, ondoka hapo, hata kama sikio linaapa. Bonyeza dari, bonyeza nguzo, shika kioo cha kutazama nyuma, shika vifungo vya mikanda ya viti, shika rafu ya nyuma, na shika hata mahali unapoona ni upuuzi kushika. Vijana wengi mnaoniandikia mna pesa za sabufa ya pili lakini hamna subira ya kukaa na daftari kwa jioni mbili, kisha mnalilaumu gari. Nasema hivyo bila kujitenga, kwa maana nilikuwa hivyohivyo.

Kabla ya kuligusa gari, hata hivyo, itoeni sabufa nje na kuipigia masafa yaleyale ikiwa chini. Kelele ikitoka nayo, basi ni skrubu ya kasha, grili ya kuikinga, waya unaopiga koni (ile sehemu ya mbele ya spika inayotetemeka), au amplifaya iliyolazimishwa kupita uwezo wake, na hakuna felti itakayowasaidia. Mkifungua milango, rudisheni ile karatasi ya plastiki ya kuzuia maji, acheni wazi matundu ya chini ya mlango, na hakikisheni kioo kinashuka bila kukwaruza mkeka. Nunueni klipu za akiba mapema. Msijaze chochote nyuma ya vifuniko vya nguzo wala kwenye kingo za dari palipofichwa mifuko ya hewa ya usalama, na mkikutana na soketi za mifuko hiyo, ambazo mara nyingi ni za rangi ya njano, ziacheni kama zilivyo. Mwenye sababu ya lazima ya kuzichomoa na azime gari, atoe waya wa betri na kusubiri kwa muda unaoelekezwa na kitabu cha gari.

Jumatatu nilimkaribisha tena yule mwenzangu. Sikumweleza lolote. Niliweka wimbo uleule wa siku ile, kwa sauti ileile, nikaendesha nikiwa nimenyooka kama bwana harusi. Alizungumza kuhusu likizo yake. Tulipofika katikati ya wimbo, besi iliposhuka kabisa, mlango wa upande wake ulianza kutoa mlio mkali wa chuma, naye akanyamaza, akanigeukia na kusema kwa upole uleule, "Bwana, bado hujaishusha ile misumari?" Nilinyoosha mkono mbele yake, nikauingiza kwenye mfuko wa mlango, nikatoa funguo zake za nyumbani na kumwekea mapajani.