Mjuzi wa kikundi asishike kipanya

Mdau ameuliza hivi: wako watano, wana wiki sita, na mhadhiri amewapa kazi ya kubuni mwongozo wa steji za matatu katikati ya Nairobi, usomeke kwenye simu na pia ubandikwe ukutani kwa karatasi ya A3. Anayeijua Figma, programu ya kubunia kurasa ambayo wengi hufanya kazi kwenye faili moja, ni mmoja tu. Wagawane kazi vipi?

Anayeijua Figma asishike kipanya wiki tatu za kwanza. Akae kando ya mwenzake, aelekeze kwa mdomo. Mkimwachia, mtapata kazi safi na wanafunzi wanne waliojifunza kupiga picha kazi ya mwenzao. Kuanzia wiki ya pili, majukumu yazunguke kila Jumatatu: mmoja mitaani kukusanya habari, mmoja maneno, mmoja mchoro, mmoja majaribio, mmoja mlinzi wa faili. Ijumaa kila mtu aeleze kazi ya mwenzake, si yake. Mzembe hujulikana hapo bila kusemwa.

Wiki ya kwanza msifungue kompyuta. Shukeni mjini na daftari. Kwa kila steji andikeni namba ya njia (111 Ngong, 125 Rongai, 46 Kawangware, 58 Buruburu), sako (vyama vya wenye matatu) zinazopakia hapo, na jengo ambalo kondakta hutaja mtu akimuuliza. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mtu wa Nairobi haambiwi "elekea kaskazini mita 200". Anaambiwa "pita Archives, vuka, ukifika Odeon uliza". Hoteli ya Hilton ilifunga milango mwisho wa 2022 na bado ni alama ya njia; Odeon nayo inatajwa na watu ambao hawajawahi kuona sinema pale. Kwa hiyo kwenye ramani majengo yaandikwe kwa herufi nzito na majina ya barabara kwa herufi nyembamba, na jina liwe lile linalosemwa, hata kama kibao cha mlangoni kinasema lingine. Vikundi vingi hukosea hapa kwa kuchukua ramani ya mtandaoni na kuipaka rangi.

Kuna mfano wa kuangalia. Mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani, ulitumia wanafunzi waliopanda magari na simu mkononi kurekodi njia na vituo, na mwaka 2014 ukatoa ramani ya mtandao mzima. Tazameni walivyonyoosha njia zilizopinda ili jicho lizifuate. Ila steji huhamishwa, kwa hiyo tarehe ya toleo iwe pembeni mwa karatasi, na kila steji iwe kipande kimoja kinachojitegemea kwenye faili, kisije kikalazimu kuchora upya ramani yote.

Maneno yaandikwe kabla ya mchoro, kwa Kiswahili chenyewe. Ukijaza nafasi na maandishi ya Kiingereza ukitegemea kutafsiri baadaye, kitufe cha "Search" kitakapogeuka "Tafuta steji" kitafumuka.

Kwenye faili, mlinzi peke yake ndiye hubadilisha rangi na fonti. Wengine huacha maoni. Bila hivyo, kufikia wiki ya tatu mtakuwa na bluu saba zinazokaribiana na hakuna anayejua ipi ndiyo yenyewe. Fonti itoke Google Fonts, mkusanyo wa bure wa mtandaoni, kwa mfano Noto Sans. Fonti iliyo kwenye laptopu ya mtu mmoja huwasumbua wengine wote kila wakigusa maandishi.

Vipimo vya simu: fremu, yaani ukurasa wa kuchorea, iwe ya pikseli 360 kwa upana, maandishi yasipungue pikseli 16, vitufe 48 kwa 48. Tofauti ya mwangaza kati ya herufi na usuli ifike 4.5 kwa 1. Kijivu chenye msimbo #999999 juu ya nyeupe, ambacho wanafunzi hukipenda sana, hakifiki hata 3. #767676 ndicho hupita kwa shida. Jaribuni saa sita mchana, nje, mwangaza wa simu ukiwa nusu.

Vipimo vya A3: PDF ya Figma huhesabu pikseli 72 kwa inchi, kwa hiyo fremu ni 842 kwa 1191. Ongezeni milimita 3 za kukatia kila upande, iwe 859 kwa 1208. Kwa msomaji aliye mita 3, herufi kubwa ya kichwa iwe na kimo cha karibu sentimita 2.5, ambayo ni ukubwa wa fonti wa 100 hivi. Figma hufanya kazi kwa RGB, yaani rangi za mwanga wa skrini, na mashine ya uchapaji kwa CMYK, yaani rangi za wino. Ile kijani inayong'aa kwenye skrini hutoka imefifia kama sukuma wiki iliyolala. Pitisheni faili kwenye Scribus, programu ya kupanga kurasa ambayo ni ya bure na inaijua CMYK, kisha lipieni nakala moja kwanza kabla ya hamsini. Toeni pia fotokopi nyeusi na nyeupe. Kama njia mbili hazitofautishiki hapo, mlitegemea rangi peke yake. Wekeni namba na aina ya mstari.

Majaribio ni watu watano msiowajua. Msiulize "unaipenda?", maana kwa adabu watasema ndiyo. Sema: "Uko steji ya Kencom, unataka Ngong. Nionyeshe utakapopandia." Kisha nyamaza, hesabu sekunde, tazama kidole kinaanzia wapi. Kidole kikizunguka kikirudi palepale mara mbili, tatizo liko kwenye ramani. Mtu akigeuza karatasi ilingane na upande anaotazama, andikeni hilo pia, kwa sababu karatasi ya ukutani haitageuzwa na itabidi ichorwe kwa kufuata upande anaotazama msomaji aliyesimama mbele ya ukuta huo.

Na mkituma kwenye WhatsApp, tumeni kama faili, si kama picha. Ikitumwa kama picha hubanwa, na majina madogo ya barabara ndiyo huharibika kwanza.